Sitanii

Kalenda ya Binti Radi bado imetundikwa ofisini kwangu Kilosa, ingawa mwaka wake umekwisha. Wageni wakiniuliza kwa nini siishushi, nawajibu kwamba nimesahau. Si kweli. Nimeiacha kwenye mwezi wa Machi, kwa sababu kwenye Machi yuko mama yangu mdogo, Katarina, kanga ya njano imefungwa shingoni, mabuti ya mpira miguuni, mkono wa kushoto umenyooshwa juu. Anatabasamu. Mimi ndiye niliyesimama nyuma ya mpiga picha siku ile nikimwambia, "Mama mdogo, juu zaidi."

Amekufa. Nalisema mapema ili mtu asisome huku akitumaini. Alikufa mwezi wa Julai kwa saratani ya titi, na watu wote wa kwetu Malolo, mimi nikiwemo, tulikuwa tumeambiwa. Tuliambiwa mara nyingi, kwa sauti kubwa, mbele za watu. Tukacheka mpaka tukashika mbavu.

Aliyetuambia ni Hildegarda. Ukoo wao na ukoo wetu ni watani tangu enzi za mababu. Maana yake anaweza kuingia jikoni kwetu akaondoka na sufuria na asiwepo wa kumshtaki. Anaweza kumwita marehemu mvivu mbele ya jeneza. Anaweza kututukana mchana kweupe, na atakayekasirika ndiye mwenye kosa. Hildegarda aliifanya kazi hiyo kwa moyo wote. Tangu nikiwa mtoto, nikimpa shikamoo hajawahi kuniitikia kama watu wengine. Alisema, "Marahaba, mke mwenzangu." Au, "Marahaba, mzigo wa Katarina." Siku nilipomaliza chuo alisema, "Marahaba, mjinga mwenye cheti." Nisingejua la kufanya kama angeniitikia vizuri.

Hilo la mzigo lilikuwa kweli. Mama yangu mzazi alifariki nikiwa na miaka minne, na mama mdogo akanichukua. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye mabega mapana, mjane tayari wakati huo, mlimaji wa vitunguu kama wengine wote pale. Shule ilikuwa ng'ambo ya Mto Mwega, zahanati nayo ng'ambo. Masika mto ukijaa, alikuwa akinivusha mgongoni. Halafu akaanza kuwavusha watoto wa jirani, kwa sababu angewaachaje? Halafu wajawazito. Alikuwa na fimbo ndefu ya kupimia kina, na alijua kila jiwe la chini kwa unyayo. Miaka ishirini na tatu alifanya kazi hiyo. Hakuna aliyemwajiri wala aliyemwomba rasmi. Mvua ikinyesha tu, watu walikwenda kumgongea.

Sasa Binti Radi. Huyo ni msichana wa kwenye kijitabu cha katuni ambacho mradi wetu wa elimu ya wasichana uligawa mashuleni. Mimi ni mratibu wa mradi huo hapa Kilosa. Jina lake nalificha kwa sababu bado nakula mkate wake. Binti Radi anavaa kanga ya njano mabegani, anaruka juu ya milima, anazuia mafuriko kwa kiganja, anambeba mama mjamzito kwa mkono mmoja na ndama kwa mwingine. Halali usingizi. Hali chakula. Kijitabu kina kurasa thelathini na mbili, na sijaona hata moja ambapo mtu anamuuliza hali yake.

Watoto wa Malolo walipokisoma hawakushangaa hata kidogo. Walisema huyu ni mama Katarina, ila mchoraji amekosea umri. Mwalimu wao aliniandikia ujumbe huo kwa simu, nami kwa kiherehere changu nikaupeleka kwa wakubwa Dar es Salaam. Wakaupenda mno. Wakaamua kutengeneza kalenda: Kina Binti Radi wa Kweli, wanawake kumi na wawili, na picha zipigwe Mikumi Siku ya Wanawake. Wakaleta fomu. Fomu ilikuwa na sifa nne za Binti Radi, kila moja na kisanduku chake. Ana nguvu. Ni jasiri. Hachoki. Halalamiki.

Nilijaza ya mama mdogo kwanza. Niliweka tiki zote nne bila kuinua macho. Kisha nikampigia simu nikamsomea, nikijiona nimemfanyia jambo kubwa.

Nikasikia kuku nyuma yake.

"Hachoki," alirudia.

"Ndiyo, mama mdogo. Si ndivyo ulivyo?"

"Haya. Asante, mwanangu. Umeniandika vizuri."

Hiyo ilikuwa Januari. Februari, siku ya Jumanne, mchana wa saa nane, Hildegarda akatokea mlangoni pa ofisi yangu. Nilishtuka, maana kutoka Malolo mpaka Kilosa si safari ya kwenda kusalimia. Alitoka alfajiri kwa bodaboda mpaka Ruaha Mbuyuni, akapanda basi mpaka Mikumi, akabadilisha gari, akala vumbi njia nzima, na magoti yake ni mabovu. Alikuwa na miaka sitini na mbili.

"Shikamoo, mama Hilde."

"Marahaba, mwanangu."

Nilisubiri mkia wa salamu. Haukuja. Nikadhani safari imemchosha, nikamvutia kiti.

"Mbona hukupiga simu?"

"Haya si ya simu." Alikaa, akaweka mkoba mapajani, akaushika kwa mikono miwili. "Happy, andaeni sanda. Titi la kushoto la mama yako mdogo limeoza."

Nikacheka. Mungu anisamehe, nilicheka mpaka Alfred, ninayekaa naye ofisi moja, akageuka kuona kuna nini.

"Mama Hilde jamani! Yaani umetoka Malolo kuja kunivunja mbavu?"

"Sitanii."

Neno hilo hilo. Kwetu mtani akisema "sitanii," ndipo watu wanapovuta viti karibu. Kila kituko cha Hildegarda nilichowahi kukisikia kilianza hivyo. Sitanii, jamani, huyu Katarina ana mkia, anaukunja ndani ya gauni. Sitanii, siku ya harusi yake bwana harusi alikimbia, tukamfunga kamba. Hata kabla hajafungua mdomo tena, Alfred alikuwa ameshaanza kutabasamu.

"Linanuka," alisema Hildegarda. "Analifunga kwa tambara la kanga. Mimi ndiye ninayelifua hilo tambara."

"Basi utalirithi," nikamjibu.

Nilimjibu kwa sababu mtani hujibiwa. Ndivyo tulivyolelewa, kumwacha bila jibu ni kumdharau. Na nilijibu vizuri, Alfred akapiga meza kwa kicheko. Hildegarda akatazama bango la Binti Radi lililokuwa ukutani, kutoka juu mpaka chini, akauliza, "Huyu naye ni mtani wa nani?"

Tukacheka tena. Nikamwagizia chai na chapati mbili. Alikunywa chai, chapati akazifunga kwenye gazeti. Nikamsindikiza stendi, akapanda gari bila kunitukana. Nakumbuka nilirudi nikiwaza kwamba mama Hilde amezeeka, utani wake siku hizi umekuwa mchafu.

Machi tukakutana Mikumi, kwenye ukumbi wa mgahawa mmoja kando ya barabara kuu. Walikuja wanawake wote kumi na wawili. Namkumbuka Debora wa Kimamba, dereva wa bodaboda aliyekuwa akiwakimbiza wajawazito kliniki. Alikaa upande upande kwenye kiti, kiuno chake kilikuwa hakina raha. Namkumbuka Magreti wa Chanzuru, aliyewavuta majirani saba kwa kamba ya mbuzi mwaka wa mafuriko. Mvua ilipoanza kugonga bati aliinuka akaenda kusimama mlangoni, hakukaa tena mpaka ilipokatika. Niliyaona yote hayo. Macho ninayo. Niliyaona na nikaendelea kugawa chupa za maji.

Hildegarda alikuja na mama mdogo bila kualikwa, akakaa mstari wa mbele. Mshereheshaji alipomwita Katarina wa Malolo na kusoma sifa zake nne, na ukumbi ukapiga makofi, Hildegarda akasimama.

"Jamani, mnampigia makofi maiti!" alipaza sauti. "Huyu shujaa wenu titi lake moja limeshatangulia kaburini, linamwekea mwenzake nafasi! Mpelekeni hospitali, muache kumvalisha kanga! Sitanii!"

Ukumbi ulilipuka. Mshereheshaji aliinama akishika tumbo. Mama mdogo naye alicheka, akachukua kipaza sauti, akasema, "Huyo ni mtani wangu, msimsikilize," na watu wakacheka upya. Hildegarda alibaki amesimama katikati ya kicheko kile, mikono imening'inia. Kisha akakaa.

Wakati wa picha, mpiga picha alitaka kila mama anyooshe mkono wa kushoto, kama Binti Radi wa kwenye jalada. Mama mdogo akanyoosha wa kulia. "Wa kushoto, mama," akasema mpiga picha. Akaunyoosha, ukafika begani, ukakwama. Nikamwambia juu zaidi. Aliniangalia mimi, si kamera. Akaupandisha. Jasho lilimtoka juu ya mdomo, nikachukua leso nikamfuta, nikasema, "Joto la Mikumi hili!" Picha ikapigwa. Ilitoka nzuri sana, kila mtu alisema hivyo.

Aprili, katikati ya masika, mke wa Mathias, jirani yetu, alishikwa na uchungu asubuhi. Mto ulikuwa umefika kifuani. Mama mdogo alimvusha, akamweka chini ng'ambo salama, akaketi kwenye mchanga. Wakamwambia twende, akasema nakuja. Hakuinuka. Wanawake walipomvua gauni lililolowa ili wamfunike kanga kavu, ndipo wakaona lile tambara. Wakalifungua. Mmoja wao aliniambia baadaye kwamba wote waligeuka kumtafuta Hildegarda kwa macho, na Hildegarda alikuwa amesimama ng'ambo ile nyingine ya mto, hana wa kumvusha.

Hospitalini daktari aliuliza limeanza lini. Mama mdogo akasema, "Siku chache." Daktari akavua miwani, akaniita nje. Alisema kama angeletwa mwaka uliopita, au hata Januari, wangekuwa na la kufanya. Sasa ni dawa za kupunguza maumivu.

Nilirudi kitandani nikiwa na hasira, kwa kuwa hasira ni rahisi kubeba kuliko lile lingine. "Kwa nini hukusema, mama mdogo?"

"Mvua zilikuwa zinakuja."

"Kwani mto ni wako peke yako?"

Alifikiri. Alikuwa amepungua, mabega yale yamebaki mifupa. "Na wewe ulikuwa umeshaandika," akasema.

"Niliandika nini?"

"Kwamba sichoki." Alisema kwa upole, kama anayenitetea. "Nikasema ngoja masika yapite kwanza. Mtoto ameshaniandika, nisimwaibishe kwa wakubwa zake."

Nilitoka kwenye korido, na kwenye benchi la korido alikuwa amekaa Hildegarda na kapu la uji. Nikammalizia hasira zote yeye. Sikumpa hata shikamoo. Nilimuuliza kwa nini hakuniambia kama mtu mzima, kwa nini alileta mzaha kwenye jambo la kifo, nikamwambia kama angesema vizuri siku ile ofisini mama mdogo angepona. Nilipaza sauti mpaka muuguzi akatoka.

Hildegarda alisubiri nimalize.

"Aliniapisha," alisema. "Alinishikisha rozari, nikaapa sitamwambia mtu. Nikalala nayo wiki mbili. Halafu nikajiuliza, utani nao ni kusema? Nikaona si kusema. Utani ni utani, kiapo hakiukamati." Alifunika uji vizuri. "Nikautumia huo. Sina mdomo mwingine, Happy."

Niliondoka bila kumuaga. Sikuzungumza naye tena miezi yote iliyobaki, ingawa kila nilipokwenda kumwona mama mdogo nilikuta ameshaogeshwa na tambara safi limefungwa.

Tulimzika Malolo. Walikuja watu wengi mno. Kila aliyewahi kuvushwa alikuja, na wengine walikuja na watoto waliozaliwa kwa sababu mama zao walivushwa. Wakubwa wa mradi walituma shada lenye picha ya Binti Radi. Bwana Boniface, katekista, alisali, akasema marehemu alikuwa mwanamke wa chuma. Watu wakaitikia kwa kutikisa vichwa. Nilitaka kumnyang'anya ile karatasi.

Kisha watu wakaanza kutazamana, kwa kuwa kwetu msiba haujakamilika kama mtani hajaja kumwigiza marehemu. Wengine walidhani Hildegarda hatakuja. Akaja. Alitokea nyuma ya nyumba amevaa mabuti ya mpira ya mama mdogo, makubwa kuliko miguu yake, kanga ya njano shingoni, ile fimbo ya kupimia kina mkononi. Alikuwa akitembea kama yeye hasa, mabega mbele, akigusa ardhi kwa fimbo kama anavuka. Watu wakaguna kwa kicheko cha kwanza tangu asubuhi, na baadhi wakalia hapo hapo.

Akamwendea Boniface, akachuchumaa mbele yake, akamgeuzia mgongo: "Panda, baba, mto umejaa." Boniface, mtu mnene mwenye kanzu, hakujua afanye nini. Vicheko vikazidi. Akaenda kwa mwenyekiti wa kijiji: "Panda." Akaenda kwa akina mama: "Pandeni wote, mimi sichoki."

Kisha akasimama, akavua kanga shingoni, akaishika mbele yake kwa mkono mmoja kama karatasi, na kwa kidole cha mkono wa pili akawa anaandika. Nilijua kabla hajafungua mdomo. Alikuwa ananiigiza mimi. Alikaza shingo kama mimi, akainua nyusi kama mimi, na sauti ikawa ya kwangu, ya ofisini.

"Ana nguvu?" akauliza. Akachora hewani. "Tiki."

Watu wakacheka.

"Ni jasiri? Tiki. Hachoki?"

"Tiki!" wakajibu vijana wa nyuma.

"Halalamiki?"

"Tiki!" Sasa ni uwanja mzima, watoto pia, wameshaukamata mwendo.

"Haumwi?"

"Tiki!"

"Hafi?"

Wengine walishajibu kabla ya kusikia. Neno likatoka midomoni mwao likaanguka mbele ya kaburi, nusu ya watu wakiwa wamelisema na nusu wamelishika kooni. Mtoto mmoja peke yake alicheka, mama yake akamziba mdomo. Nikasikia mto.

Hildegarda hakuongeza kitu. Aliikunja kanga mara nne, akaiweka juu ya udongo. Akaenda kuketi kwenye tofali pembeni, akaanza kuvua yale mabuti, na yalikuwa yanamsumbua kutoka. Hakuna aliyesogea. Kwa desturi mtani akimaliza hupewa chakula na kutukanwa kidogo, lakini watu walikuwa wanatazama chini.

Nilitamani ardhi inimeze. Pia nilikuwa na hasira naye, nasema ukweli, hasira ya kuvuliwa nguo mbele ya kijiji. Lakini kulikuwa na mtu mmoja tu kwenye uwanja ule aliyesafiri siku nzima kwa ajili ya mama mdogo, na mtu huyo alikuwa anahangaika na buti. Nikamwendea, nikapiga magoti kwenye udongo, nikalishika buti la kushoto nikalivuta. Likatoka. Mguu wake ulikuwa umevimba mpaka kifundo.

"Shikamoo, mama Hilde."

"Marahaba, mwanangu."

Nilisubiri, kama siku ile ofisini. Mkia haukuja. Safari hii nilijua maana yake. Nikalivuta la pili, nikayasimamisha yote mawili kando ya tofali, nikamuuliza lile swali ambalo sikumuuliza mama mdogo hata mara moja, Januari wala Machi, kwa simu wala mbele ya kamera.

"Mama Hilde, unaumwa wapi?"

Alinitazama kuona kama nacheka.

"Magoti," alisema. "Na huku, kwenye kiuno. Tangu mwaka juzi." Akafuta uso kwa kiganja. "Sitanii, Happy."